Bolti iliyokamata: maana yake wakati giaboksi inaposhushwa

Katika gereji za Dar es Salaam, fundi anapomwambia mwenye gari kwamba bolti imekamata, mara nyingi mwenye gari huelewa kwamba imekazwa kupita kiasi na kwamba atafutwe mtu mwenye misuli zaidi. Maana yake ni tofauti, na ndiyo inayoeleza kwa nini kazi ya kushusha giaboksi iliyotarajiwa kuisha jioni inaweza kulala hadi kesho yake. Bolti, nati au shafti huwa imekamata pale nguvu inayohitajika kuizungusha inapokaribia, au inapozidi, nguvu inayotosha kuikata. Bolti iliyokazwa sana bado ina nafasi ya kutosha kati ya nguvu hizo mbili, ilhali iliyokamata imebakiwa na nafasi ndogo mno au haina kabisa. Ndiyo maana bomba refu linalochomekwa kwenye mpini wa spana halisaidii sana: linaongeza nguvu, lakini nafasi inabaki ileile, na matokeo ya kawaida ni kichwa cha bolti kubaki ndani ya soketi huku mwili wake ukibaki kwenye injini.

Hata bolti mpya na safi inapokazwa, sehemu kubwa ya nguvu ya spana huliwa na msuguano ulio chini ya kichwa na kwenye meno, na takriban sehemu moja kati ya kumi tu ndiyo inayofanya kazi ya kubana. Kutu huja kuuongeza msuguano huo. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kutu, na kutu hiyo huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyokaliwa na chuma kilicholiwa. Kwenye meno ya bolti hakuna mahali pa kutanukia, hivyo hujishindilia hadi bolti na nati zikawa karibu kitu kimoja. Chumvi huharakisha jambo hili kwa kuwa huvuta unyevu na kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi. Gari linalolala Kunduchi, Msasani au Kigamboni hupata hewa ya bahari usiku kucha, na lile linalokatiza Jangwani wakati wa masika, mto Msimbazi ukiwa umefurika, hulowa maji ya tope hadi kwenye kava la klachi. Kuna pia magari yaliyotumika yanayotoka sehemu za kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji: huteremka bandarini yakiwa na bodi inayong'aa na uvungu uliokwisha kuliwa. Mnunuzi anayekagua viti na redio bila kuinama uvunguni amekagua nusu ya gari.

Kwenye giaboksi, hata hivyo, kutu nyekundu siyo tatizo pekee. Magamba, yaani maganda ya nje, ya giaboksi nyingi ni ya alumini, na bolti zinazoyashikilia kwenye injini ni za chuma. Metali hizi mbili zikiguswa na maji ya chumvi huanza kufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini. Dalili yake ni unga mweupe unaojitokeza pembeni mwa kichwa cha bolti, au kuzunguka pini fupi zinazoelekeza giaboksi ikae sawasawa kwenye injini. Hapa ndipo fundi mchanga huchanganyikiwa, kwa sababu ametoa bolti zote, amezihesabu, na bado giaboksi haibanduki. Kinachoishikilia ni pini hizo, au, kwa gari la gia za mkono, meno ya shafti yaliyoshikana kwa kutu na kitovu cha sahani ya klachi. Kupigilia tindo katikati ya magamba mawili ya alumini ni kuharibu uso unaotakiwa kukutana bila mwanya. Njia ya busara ni kuchokonoa kidogo kidogo kwa mtaimbo mdogo, upande huu kisha ule, kwenye sehemu nene zilizo karibu na pini, huku jeki ikibeba uzito wote wa giaboksi.

Tukirudi kwenye maana tuliyoanza nayo, kila mbinu ipimwe kwa swali moja: je, inapunguza nguvu ya kuzungusha bila kudhoofisha bolti? Mafuta ya kupenyeza hupita mtihani huo vizuri kuliko yote, kwa sharti kwamba yapewe muda. Mafuta mepesi huvutwa yenyewe kwenye mianya myembamba, lakini taratibu, kwa hiyo bolti zipigwe brashi ya waya, zipakwe jana yake na zirudiwe mara kadhaa. WD-40, dawa ya kupuliza ya mafuta iliyobuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, ilikusudiwa hasa kufukuza maji kwenye chuma. Inasaidia, ila yapo mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenyeza. Baadhi ya mafundi huchanganya asetoni (kiyeyushi kinachowaka upesi) na oili ya giaboksi otomatiki kwa vipimo sawa, mchanganyiko unaotakiwa kutikiswa kabla ya kutumiwa na kukaa mbali kabisa na moto.

Mapigo mafupi ya nyundo kwenye kichwa cha bolti hupasua kutu, na soketi ya pembe sita hukishika kichwa vizuri kuliko ya pembe kumi na mbili. Kabla ya kufungua, kaza kidogo. Bolti inayoachia hutoa mlio mmoja mkavu, kisha huzunguka kwa kukwaruza. Irudishe nusu mzunguko, ongeza mafuta, endelea. Bolti inayokaribia kukatika haitoi mlio: huwa laini mkononi, spana inasogea lakini ugumu hauongezeki wala haupungui, na kichwa kinajipinda kikiwa peke yake. Ukihisi ulaini huo, acha mara moja.

Moto ni mbinu kali zaidi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukiipasha moto sehemu inayoizunguka bolti, tundu hulegea. Hatari yake ni kwamba alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza, tofauti na chuma kinachotoa onyo kwa rangi. Moto wa gesi karibu na hosi za petroli, mabomba ya breki na sili za oili ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, na bolti iliyopashwa hadi ikawa nyekundu isirudishwe, kwa kuwa imepoteza ugumu wake.

Bolti ikikatika na kubakiza kipande nje, fundi wa kuchomelea anaweza kuunganisha nati juu yake, na joto la kuchomelea lenyewe husaidia kuilegeza. Ikikatikia ndani, hutobolewa katikati kwa drili na meno kukatwa upya, kazi ambayo mafundi wa Gerezani wameizoea.

Jambo moja hutangulia yote haya na husahaulika kupita kiasi: kama oili inabadilishwa giaboksi ikiwa bado garini, plagi ya kujazia ifunguliwe kabla ya plagi ya kumwagia. Aliyemwaga oili kisha akakuta plagi ya kujazia imekamata ana gari lisiloweza kuondoka gerejini.

Wakati wa kurudisha, meno husafishwa na kupakwa grisi kidogo, na kipimo cha kukaza hupunguzwa, kwa sababu meno yenye grisi hubana zaidi kwa nguvu ileile ya spana. Pini za kuelekeza zisuguliwe hadi zing'ae na giaboksi isukumwe kwa mikono mpaka igusane na injini pande zote. Ikibakiza mwanya, sababu itafutwe. Anayetumia bolti kuivuta iingie hupasua masikio ya alumini yanayozishika bolti hizo.