Mashujaa wa Troya kwenye mlimau wa uani

Kama una mlimau au mchungwa uani, kagua majani machanga. Huenda ukamkuta kiwavi mdogo wa kahawia mwenye baka jeupe mgongoni, ukadhani ni kinyesi cha ndege. Mguse taratibu kwa kijiti: nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali itakufika puani. Huyo ni Papilio demodocus, ambaye akishakuwa kipepeo ni mweusi mwenye madoa ya manjano. Demodocus, katika tenzi za kale za Kigiriki, ni malenga kipofu aliyeimba habari za vita vya Troya mpaka Odysseus akalia.

Mara nyingi naulizwa malenga huyo anahusiana nini na mdudu wa mlimau. Hawahusiani kwa lolote. Mwaka 1758 Mswidi Carl Linnaeus aliwaweka vipepeo wote aliowajua, karibu 200, katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) moja tu, Papilio. Majina mengi yalihitajika kwa mpigo, naye akayachota kwenye hadithi za Wagiriki. Hakuyagawa ovyo, lakini. Vipepeo wakubwa weusi wenye alama nyekundu kama damu kifuani aliwapa majina ya upande wa Troya, wa kwanza wao akiwa mfalme Priamus. Wasio na damu hiyo akawapa majina ya upande wa Wagiriki, kama Machaon, tabibu wa jeshi. Mtaalamu wa Kijerumani Esper alipompa demodocus jina mwaka 1798, alikuwa anafuata desturi iliyokwisha kuzoeleka.

Ndiyo maana nasema jina la kipepeo halikuelezi sura yake. Linakueleza aliyempa jina alimwona ndugu wa nani. Chukua Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, anayepepea polepole kando ya barabara kuanzia Lamu hadi Mtwara. Katika hadithi za Wagiriki, Danaus alikuwa na mabinti 50, walioozwa kwa watoto 50 wa kiume wa ndugu yake. Chrysippus ni mmoja wa vijana hao. Plexippus ni mwingine, na jina lake alipewa kipepeo maarufu wa Marekani anayehama kwa maelfu ya kilomita. Wawili hao mpaka leo tunawaweka jenasi moja. Linnaeus aliona sawasawa.

Lakini macho hudanganya, na hakuna aliyedanganya wataalamu kama Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu, ana mikia, na alipewa jina mwaka 1776. Jike wa huku bara la Afrika kwa kawaida hana mkia wala hafanani na dume hata kidogo. Mmoja huiga chrysippus, mwingine huiga Amauris niavius mweusi na mweupe, kwa kuwa ndege huwaepuka hao wenye sumu. Basi majike wakapewa majina yao kana kwamba kila vazi ni spishi: cenea mwaka 1790, hippocoon mwaka 1793, trophonius baadaye. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyefanya kazi Cape Town, alieleza kwamba wote hao ni wake wa dume mmoja. Kwa kanuni ya majina, la zamani ndilo hushinda, hivyo spishi ikabaki dardanus. Nauona ugunduzi huo kuwa kazi bora kuliko kumpa jina kipepeo mpya.

Ukiona jina la mtaalamu limefungwa kwenye mabano, mfano Danaus chrysippus (Linnaeus, 1758), maana yake spishi imehamishwa kutoka jenasi ya mwanzo. Papilio dardanus Brown, 1776 hana mabano kwa sababu hajahama.

Karne ya 19 ilipofika, majina ya kwetu yakaanza kuingia. Acraea rabbaiae, mwenye mabawa yanayopenyeza mwanga, amebeba jina la Rabai, karibu na Mombasa. Mtaalamu wa wadudu Ward alimwandika mwaka 1873. Hypolimnas usambara ni wa mwaka mmoja kabla yake. Nayapenda majina haya kuliko yote ya Troya, kwa kuwa yanamwonyesha msomaji pa kuanzia kutafuta. Milima ya Usambara hata hivyo ina Hypolimnas antevorta pia, asiyepatikana kwingine popote duniani, na yeye akapewa jina la mungu wa Kirumi wa mambo yajayo. Ukienda Amani, kwenye milima hiyo, muulizie huyo kwanza.