Tulisaini, lakini hatukufundisha

Nilipokuwa mwalimu wa sekondari moja upande wa Ilemela, Mwanza, mkuu wetu wa shule alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu vipindi vya ziada vya kidato cha nne vitaanza saa 12:30 asubuhi. Alitangaza wanafunzi wakiwa mstarini, na sisi walimu tukasikia pamoja nao.

Jumatatu tulifika wote. Alipopiga mstari mwekundu wa kuwatenga waliochelewa kwenye daftari la mahudhurio, hakuna jina lililokuwa chini yake. Wiki ya pili, kiranja ndiye aliyekuwa akiandika nukuu ubaoni, mwalimu yuko ofisini anasahihisha madaftari. Walimu wawili wa hisabati walitokea Igoma, daladala mbili, na mmoja alikuwa na mtoto anayenyonya. Kufika kipindi cha tatu walikuwa wamechoka kabisa. Mkuu hakuyajua hayo kwa sababu hakuuliza, ingawa nia yake ilikuwa njema: hisabati ilikuwa inatuangusha kweli.

Leo ninawafundisha wakuu wa shule uongozi, na asubuhi ile hainitoki. Mwaka 1973 watafiti wa uongozi Victor Vroom na Philip Yetton walieleza njia tano za kuamua, kuanzia kiongozi peke yake hadi kundi zima. Kabla ya kuchagua njia, kiongozi ajiulize: je, nina taarifa za kutosha? Je, jambo hili litatekelezeka watu wasipolikubali? Kipindi cha ziada kinakwama kwenye maswali yote mawili, maana mwalimu akishaingia darasani hakuna wa kumsimamia anavyofundisha.

Sisemi kila kitu kiitiwe kikao. Upepo wa ziwa ukiezua paa, mkuu aamue palepale. Walimu huchoshwa pia na vikao vya saa mbili kuhusu rangi ya geti.

Fedha ni habari nyingine. Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya sekondari ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ni kidogo, na kwa sababu ni kidogo mwalimu wa kemia anapaswa kuulizwa kabla kemikali hazijanunuliwa. Nimeona makabati yamejaa vitu visivyohitajika, na mwalimu anafundisha jaribio kwa mdomo.

Nirudi shuleni kwetu: mwaka uliofuata baada ya vipindi vile vya asubuhi, tulipata mkuu mwingine. Alituita ofisini, akaweka matokeo mezani, akauliza tufanyeje. Hisabati ikahamia Jumamosi saa 3:00 asubuhi, kwa pendekezo la walimu wale wawili wa Igoma.