Sangari: Isafishe Kabla ya Kupanda Kahawa
Mkulima wa kahawa au chai katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania au Uganda hahitaji picha ya sangari; palizi imeshamtambulisha. Jina lake la kitaalamu ni Digitaria abyssinica, na vitabu vya zamani huiita Digitaria scalarum. Ni nyasi ya kwetu Afrika, na Marekani inaiogopa kiasi cha kuiweka kwenye orodha ya taifa ya magugu hatari.

Nguvu yake yote iko chini. Mashina membamba yenye ncha kali hutambaa udongoni yakisukana kama mkeka. Mengi hukaa karibu na uso wa ardhi, lakini mengine hushuka hata mita moja. Kipande kifupi chenye pingili moja kinatosha kuchipua upya. Kwa hiyo kupitisha haro ya diski, yaani sahani za chuma zinazokatakata udongo nyuma ya trekta, kwenye udongo wenye unyevu ni kuipanda sangari shamba zima, na inaniuma kuona mkulima akilipia trekta kwa kazi hiyo.

Wengi huichanganya na Cynodon, nyasi nyingine sugu. Tazama masuke. Ya Cynodon huchomoza yote mahali pamoja kileleni, wakati ya sangari hupandana moja juu ya jingine kwenye kikonyo.

Wakati wa kupambana nayo ni kabla ya miche kuingia shambani. Mizizi ya kahawa inayolisha mti iko juujuu, hivyo ukichimba kwa kina baadaye unaikata pamoja na gugu. Chimba kiangazi kikiwa kikali, kwa jembe la meno, kwani jembe bapa hukatakata. Vuta mashina yakiwa marefu, yakusanye, yaache juani hadi yakauke kabisa. Yakiwa bado mabichi yasiingie kwenye mboji. Rudia kila yanapochipua. Sangari haipendi kivuli, kwa hiyo viazi vitamu au fiwi zilizofunika ardhi vizuri huidhoofisha sana.

Ukiamua kutumia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, nyunyiza majani yakiwa mabichi na yanakua kwa kasi, ili dawa ishuke hadi kwenye mashina ya chini. Nyasi iliyonyauka kwa ukame haiipokei ipasavyo. Soma kipimo kwenye kibandiko, vaa glavu na buti, na usiruhusu tone kugusa majani ya kahawa. Kisha osha udongo wote kwenye majembe kabla ya kuhamia shamba la pili.