Tume ya Pamoja ya Kudumu: ni chombo gani, na kwa nini nyingine hulala

Tume ya Pamoja ya Kudumu ni chombo ambacho nchi mbili hukiunda kwa makubaliano rasmi, ili mambo yanayozihusu yawe na kikao kimoja, kinachofanyika kwa zamu huku na kule. Katika habari za Tanzania huitwa JPC, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Joint Permanent Commission. Tanzania inayo na majirani kama Uganda, Burundi, Zambia, Malawi na Msumbiji. Neno zito hapo ni "kudumu". Marais hubadilika, mabalozi hurudishwa nyumbani na urafiki wa viongozi hupoa, lakini tume hubaki na orodha ya viporo.

Isichanganywe na mikutano ya ujirani mwema. Hiyo ni ya wakuu wa mikoa na wilaya za mpakani, na hushughulikia mifugo iliyovuka, wizi, magonjwa, njia za panya. Huko mambo huamuliwa upesi, pengine siku hiyohiyo. Ila mkuu wa mkoa hawezi kubadili tozo ya malori, wala kumruhusu ofisa forodha wa nchi jirani kupiga muhuri upande huu. Hayo lazima yapande hadi kwenye tume.

Kikao cha tume kwa kawaida huwa na ngazi tatu. Wataalamu hutangulia, wakifuatwa na makatibu wakuu, kisha mawaziri, chini ya uenyekiti wa mawaziri wa mambo ya nje. Kamera hufika siku ya mawaziri, wakati kazi karibu yote imefanyika kwa wataalamu. Wamegawanyika makundi: biashara, uchukuzi, ulinzi na usalama, nishati, kilimo, uhamiaji. Kila kundi huandika aya zake katika rasimu ya kumbukumbu za kikao, wakibishana neno kwa neno. Wasipoafikiana, maneno yenye utata huwekewa mabano na kupelekwa kwa makatibu wakuu. Mabano yakifika kwa mawaziri yakiwa mengi, ujue maandalizi yalikuwa mabovu.

Tume nyingi hulala kwa sababu ya maandishi hayo. Chukua aya mbili za mfano. Ya kwanza: "Pande zote mbili zilikubaliana kuimarisha ushirikiano katika usafirishaji." Ya pili: "Mamlaka za mapato za pande zote mbili zitakutana mpakani kabla ya tarehe 30 Septemba ili kuoanisha saa za kazi, na kuwasilisha taarifa kwa makatibu wakuu ndani ya siku 14." Ya kwanza haina wa kuulizwa. Ya pili ina mhusika, tarehe na mahali taarifa inakokwenda, kwa hiyo inaweza kuingia kwenye bangokitita, yaani jedwali la utekelezaji. Bangokitita ndilo moyo wa tume. Picha za kupeana mikono ni mapambo.

Halafu kuna karatasi zinazotiwa saini. Hati ya makubaliano mara nyingi ni ahadi ya nia, ingawa jina si hoja: kwa Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, kinachotazamwa ni kama nchi zilikusudia kujifunga kisheria. Kwa Tanzania, mkataba ambao kwa masharti yake unahitaji kuridhiwa hupelekwa bungeni, kwa mujibu wa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Anayesherehekea saini kama mwisho wa safari amewahi mno.

Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani vinaonyesha ugumu wenyewe. Ili lori likaguliwe mara moja tu, ofisa wa nchi moja lazima afanye kazi na kutumia sheria za kwao akiwa ndani ya ardhi ya nchi nyingine. Majengo hayatoshi kwa hilo. Zambia na Zimbabwe zilipofungua kituo cha Chirundu Desemba 2009, sheria ilikuwa imetungwa kwanza. Kati ya Tanzania na Kenya kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016. Zambia si mwanachama wa jumuiya hiyo, hivyo kituo cha Tunduma–Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kilichozinduliwa Oktoba 2019, hakikuweza kuegemea sheria hiyo.

Kikwazo kingine hakisemwi sana: mwaka wa fedha. Tanzania huanza wake Julai, Zambia Januari, Malawi Aprili. Mradi unaotegemea mifuko miwili unaweza kukuta upande mmoja una fedha na mwingine bado unasubiri bajeti ijayo. Isitoshe, wizara ya mambo ya nje ndiyo huitisha kikao, wakati fedha za daraja au maabara ziko wizara ya kisekta. Ikiwa mtu wa mipango wa wizara hiyo hakuwa kwenye chumba cha wataalamu, ahadi haitaonekana kwenye bajeti.

Tume haizuii ugomvi wa ghafla. Machi 2025 Malawi ilisimamisha uingizaji wa baadhi ya bidhaa za nje, zikiwemo mchele, unga, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha zuio likaondolewa baada ya mazungumzo. Tume yenye uhai ingefaa hapo kwa sharti moja dogo: nchi inayokusudia kufunga mlango impe mwenzake taarifa ya maandishi kabla, kupitia ubalozi, kwa idadi ya siku iliyoandikwa.

Unapotaka kujua kama tume fulani iko hai, tafuta tarehe ya kikao chake cha mwisho, kisha usome ajenda. Ile iliyo hai huanza na mapitio ya utekelezaji, kipengele kwa kipengele, pamoja na sababu za yaliyokwama. Iliyolala huanza na maeneo mapya ya ushirikiano.