Je, wajua? Kwa nini Windows 95 hukataa picha uliyoibadilisha jina tu

Ukifuta .jpg mwishoni mwa jina la picha ukaandika .bmp, hujapata picha ya BMP. Umepata JPEG yenye jina lisilo lake, maana BMP na JPEG ni njia mbili tofauti za kuhifadhi picha ndani ya faili. Kwa miaka mingi niliamini kinyume cha hayo, na majuzi nikampa ushauri huo mama mmoja mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi karibu na River Road, hapa Nairobi.

Duka hilo lina kompyuta ya Windows 95 inayofanya kazi kila siku, kwa sababu ndiyo inayoelewana na printa yake ya utepe wa wino. Mama alitaka picha ya marehemu mama yake iwe mandhari, yaani ile picha inayokaa nyuma ya ikoni. Mpwa wake alimletea kwenye disketi, ikiitwa mama.jpg, na dirisha la kuchagua mandhari halikuionyesha. Akanipigia simu. Nikamwambia, "Badilisha tu hiyo jpg iwe bmp, mama, itakubali." Baada ya muda akapiga tena: "Mwanangu, sasa naiona, lakini nikiichagua skrini inabaki kijani vilevile."

Fumbo lote liko hapo. Jina jipya lilitosha kuifanya picha ionekane, lakini halikutosha kuifanya ikae kwenye skrini.

Sababu ni kwamba Windows 95 huikagua picha mara mbili. Mara ya kwanza husoma jina pekee, na kukuonyesha faili zinazoishia na .bmp. Mara ya pili, ukishachagua, huingia ndani ya faili na kusoma mwanzo wake. Baiti mbili za kwanza za BMP ni herufi B na M. JPEG huanza na baiti FF na D8, kwa hesabu ya heksadesimali (ile ya tarakimu kumi na sita), na nyingi huwa na herufi JFIF hatua chache mbele. Nenda Nyamakima kwenye maduka ya nafaka, ubandike karatasi ya "mchele" kwenye gunia la maharagwe. Anayesoma karatasi atalibeba hadi nyumbani, lakini akilifungua apike hatapata wali. Kiendelezi cha jina, yaani .jpg au .bmp ya mwishoni, ni ile karatasi. Ukikibadilisha, hakuna baiti hata moja ya ndani iliyoguswa.

Mbona basi wengi tuliamini jina linatosha? Nadhani kompyuta za sasa ndizo zinazotufundisha hivyo. Ukiipa JPEG jina la .bmp kisha ukaifungua kwenye kompyuta mpya, mara nyingi inafunguka bila tatizo. Programu nyingi za leo, vivinjari vikiwemo, huchungulia baiti za mwanzo, zikatambua kwamba hii ni JPEG, zikaisoma kama JPEG. Mtumiaji anaona picha na kudhani amebadilisha umbizo, kumbe programu imempuuza. Ushauri huo ukifika kwenye mashine ya mwaka 1995, unafeli. Kuna na tatizo la pili. Windows nyingi huficha viendelezi, kwa hiyo unaweza kudhani umeandika mama.bmp na jina kamili likawa mama.bmp.jpg. Picha za WebP na HEIC kutoka kwenye simu ziko chini ya sheria hiyohiyo: jina jipya haliziongezei wala kuzipunguzia chochote.

Tofauti yenyewe iko katika jinsi picha inavyohifadhiwa. BMP ya kawaida ni ukuta uliokwisha kujengwa. Mbele yake kuna maelezo mafupi ya baiti 54: 14 za kwanza ni za faili nzima, na 40 zinazofuata hutaja upana, urefu na idadi ya biti kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya rangi inayounda picha. Baada ya hapo ni mawe matupu, pikseli moja baada ya nyingine. Aliyewahi kupita kwenye mjengo wowote wa Pipeline au Umoja anajua ukuta huanzia chini, na BMP ya kawaida hufuata utaratibu uleule: safu ya kwanza kwenye faili ndiyo safu ya chini kabisa ya picha, halafu faili inapanda hadi juu. Kila jiwe la picha ya biti 24 ni baiti tatu, za buluu, kijani na nyekundu, kwa mpangilio huo. Safu nayo lazima iishe kwenye idadi ya baiti inayogawanyika kwa nne. Picha yenye upana wa pikseli 641 inahitaji baiti 1,923 kwa safu, kwa hiyo huongezewa baiti moja tupu ifike 1,924, kama fundi anavyoziba pengo la pembeni kwa kipande cha jiwe. Mashine ikitaka kuionyesha picha, kazi kubwa ni kunakili tu.

JPEG si ukuta. Ni maelezo ya kuujenga. Picha hugawanywa katika vipande vya mraba vya pikseli 8 kwa 8, na ya 800 kwa 600 huwa na vipande kama hivyo 7,500 kwa upande wa mwanga peke yake, maana rangi huhifadhiwa kando. Faili haitaji rangi za pikseli zote 64 za kila kipande. Hutaja mawimbi: kipande hiki kina mwanga wa wastani kiasi hiki, unabadilika polepole kutoka kushoto kwenda kulia kiasi hiki, na haraka kutoka juu kwenda chini kiasi kile. Ni sawa na kumweleza mtu muziki kwa kumwambia ngoma ilikuwa nzito kiasi gani na kayamba jepesi kiasi gani, kisha umwachie aupige mwenyewe. Mawimbi madogo ambayo jicho haliyatambui hupunguzwa au kuachwa, na ndiyo maana JPEG ni ndogo. Lakini kabla ya kuona hata kona moja ya picha, kompyuta lazima ipige hesabu kurudisha mawimbi kuwa pikseli.

Mandhari ya BMP ilikuwamo tayari kwenye Windows 3.0 ya mwaka 1990, na kiwango cha JPEG kiliidhinishwa mwaka 1992. Windows 95 ikaja ikiwa bado na mazoea hayo, tena kwa mashine ambazo kiwango chake cha chini cha kumbukumbu kilikuwa megabaiti 4. Picha ya 800 kwa 600 ya biti 24, ikiwekwa ilivyo, ingechukua zaidi ya theluthi ya kumbukumbu hiyo, ndiyo maana mandhari nyingi za wakati ule zilikuwa vipande vidogo vilivyopangwa kama vigae. Mlango kwa JPEG ulifunguliwa na Internet Explorer 4 ya mwaka 1997, kupitia Active Desktop, sehemu yake iliyoweza kuonyesha ukurasa wa wavuti kama mandhari, kwa hiyo Windows 95 iliyowekewa nyongeza hiyo inaweza kuikubali. Hata Windows XP iliyokuja baadaye, ukiipa JPEG, ilikuwa ikitengeneza nakala yake ya BMP kimyakimya.

Mashine ya mama haikuwa na nyongeza hiyo. Nilirudi kwenye kompyuta yangu, nikaifungua picha kwa Paint, nikaikata iwe 800 kwa 600, nikaihifadhi upya kama BMP ya biti 24. Kuhifadhi upya ndiko kunakojenga ukuta. Ilitoka na baiti 1,440,054, na disketi ya megabaiti 1.44 ina nafasi ya 1,457,664. Ilienea, zikabaki baiti 17,610. Ya 1024 kwa 768 isingeingia.

Kuna BMP za kweli ambazo nazo hukataliwa, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi katika habari yote. GIMP, programu ya kuhariri picha, inaweza kuandika maelezo marefu zaidi mwanzoni, yenye habari za rangi ambazo Windows ya zamani haizijui, usipoiambia iziache. Unaweza kuzitambua kwa Notepad ya kompyuta mpya. Fungua faili, upuuze vurugu ya alama, utazame mwanzo tu. Utaona BM, mbele kidogo alama ya 6, kisha mabano yanayofunguka. Alama 6 ni baiti yenye thamani ya 54, yaani pikseli zinaanzia baada ya baiti 54. Mabano ni thamani ya 40, urefu wa maelezo ya aina rahisi. Ukiona mstari wa wima badala ya mabano, hiyo ni 124, maelezo ya aina ndefu, na faili hiyo usiipeleke kwenye mashine ya zamani.

Yangu ilikuwa na 6 na mabano. Nikaipeleka dukani, tukainakili kwenye folda ya Windows, mama akaichagua mwenyewe. Picha ikatokea, lakini uso ulikuwa na vidoadoa, kwa sababu skrini ilikuwa kwenye rangi 256. Tukapandisha hadi biti 16, tukawasha upya, uso ukatulia. Mama alisimama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama inaweza kusogea kulia kidogo, maana safu ya ikoni upande wa kushoto ilikuwa imemfunika mama yake jicho. Nilirudi jioni na disketi ya pili.