Digrii ya OT (okupeshono terapi, tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi zake za kila siku) hapa Uganda: kabla hujatuma sente, angalia kwanza makaratasi

Kila mwaka matokeo ya S6, yaani kidato cha sita, yakitoka tu, meza yetu inajaa watu. Sasa malalamiko yamezidi, ndiyo maana bosi akaniambia niandike kitu kwa Kiswahili, maana wengi wanaokuja ni watu wa Arua, Kasese, Bwera, na ndugu zetu wa Kongo walioko kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyaka, na matangazo ya vyuo yenyewe ni Kiingereza tupu. Sitataja chuo chochote hapa. Msiniulize inboksi pia, sitajibu.

Shida iko hivi. Mzazi anakuja na barua ya admisheni, ina logo, ina muhuri, imeandikwa digrii ya okupeshono terapi, ameshauza ng'ombe na nusu ya ada imeshaingia kwa akaunti ya chuo, halafu ndio anauliza, "Madamu, hii kozi inatambulika?" Sasa mzee wangu, unauliza saa hizi?

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku. Chuo kuwa na leseni ni kitu kimoja na kozi kuidhinishwa ni kitu kingine kabisa. Vyote viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ile mnaita NCHE, ofisi zao ziko Kyambogo, ilianzishwa na sheria ya vyuo ya 2001. Chuo kinaweza kuwa halali, kina majengo, kina basi lake, na bado hiyo kozi moja unayoitaka haijapitishwa. Halafu kozi ikipitishwa inapewa muda, muda ukiisha chuo kinatakiwa kuirudisha ikaguliwe upya. Mnakumbuka zile kelele za 2023 za kozi "zilizoekspaya"? Ilikuwa mambo hayo hayo. Kwa hiyo unaingia tovuti ya NCHE, unatafuta chuo, unatafuta kozi, unasoma hali yake, na tafadhali soma pia ngazi, kwa sababu kuna mtu aliniletea simu akifurahi, "si hii hapa madamu," kumbe iliyo kwenye orodha ni diploma na yeye amelipia digrii. Kama huna bando waandikie barua au nenda mwenyewe. Hakuna anayekula mtu pale.

Ukishamaliza NCHE, bado. Kuna AHPC, baraza linalosajili maafisa wa kliniki, watu wa maabara, wa eksirei, wa fiziotherapi, na sisi wa OT. NCHE inaangalia kozi, AHPC inakuangalia wewe. Ukihitimu unapeleka vyeti vyako, vya O level, vya A level kama ulipitia huko, transkripti, unajaza fomu, unalipa, unasajiliwa. Usajili ni mara moja, lakini leseni ya kufanya kazi ni ya kila mwaka, na kila mwaka mtu analalamika ati "mimi si nilisajiliwa?" Ndiyo ulisajiliwa, leseni yako imekufa. Narudia: usajili siyo leseni. Na ukifungua kliniki yako, kliniki nayo inataka leseni yake, ya kwako binafsi haiwezi kufunika mlango.

Kutibu watu bila kusajiliwa ni kosa la jinai, siyo kosa la ofisi tu la kuombea msamaha. Kliniki inafungwa, unapelekwa kotini, kuna faini na kuna jela. Na ukileta cheti cha kughushi, hilo ni kosa lingine tena lenye kesi yake, sheria ya makosa ya jinai inataja kufungwa ndani, na kukitumia ukijua ni cha uongo adhabu yake ni ile ile ya aliyekitengeneza. "Nilitengenezewa na mtu pale Nasser Road," ule mtaa wa wachapishaji Kampala, haikusaidii, umejishtaki mwenyewe.

Sasa niingie kwenye lile linalonichosha zaidi. OT siyo ofisi ya kutafutia watu kazi. Nimeshapokea vijana na CV zao, bambi, wamesikia hilo neno okupeshono wakajua ni mambo ya ajira. Siyo masaji. Siyo fiziotherapi ndogo ya walioshindwa kuingia fiziotherapi. Na siyo tiyeta ya upasuaji, ingawa hata hospitalini bado kuna mtu anasoma OT kwenye karatasi anampeleka mgonjwa upande wa operesheni.

Chukua mama aliyepata stroki, mkono wa kulia umelala. Fizio anamfanyia kazi nguvu na kutembea, vizuri sana. Sisi tunauliza, nyumbani ulikuwa unafanya nini? Anasema, kumenya matooke, zile ndizi za kupika. Basi mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakaa naye jikoni, anaigawa kazi ya kumenya vipande vipande, kushika, kukata ncha, kupasua ganda, kugeuza, na anaona inakwama wapi. Inakwama kwenye kushika. Anachukua ubao, anapiga misumari miwili mitatu kutoka chini ncha zikatokea juu, ndizi inachomekwa pale, haitoroki, mama anamenya kwa mkono wa kushoto. Polepole mwanzoni, na anakasirika, na siku ya kwanza anaweza kulia. Kule kuigawa kazi vipande ndiko kunafundishwa darasani muhula mzima, na ndiko wanafunzi wanafeli, kwa sababu wanaona ni kitu cha nyumbani wanakipuuza, wanakimbilia kukariri majina ya misuli.

Misuli utasoma, usijali. Anatomi, fiziolojia, saikolojia, magonjwa ya akili, ukuaji wa mtoto. Utatengeneza splinti, kifaa cha kushikilia mkono ukae vizuri, ile plastiki inalainishwa kwenye maji ya moto, unaikata, unaifinyanga juu ya mkono wa mtu kabla haijapoa, na una dakika chache tu. Plastiki ikikosekana, na inakosekana, unatumia plasta, ile ya kufungia mfupa uliovunjika. Utatengeneza kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa maboksi, magazeti ya zamani na uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, kinaanikwa mpaka kikauke kabisa kikawa kigumu kama mbao. Ukiweka tabaka haraka kabla la chini halijakauka kinaoza ndani, nimeona.

Na kuna mazoezi ya wodini. Shirikisho la dunia la wataalamu wa OT, WFOT, lililoanzishwa 1952, linataka mwanafunzi afanye angalau masaa 1000 ya mafunzo kwa vitendo. Piga hesabu, masaa 8 kwa siku ni siku 125, wiki 25 za siku tano tano. Kwa hiyo chuo kikikwambia utasoma yote wikiendi na onlaini, waulize hayo masaa utayafanya lini na hospitali gani, na wakuonyeshe makubaliano na hiyo hospitali. Wengi wanaanza kukohoa hapo. Wanaoota Uingereza, kule unasajiliwa na HCPC, baraza lao la wataalamu wa afya, na watataka kuona ulisoma nini na masaa mangapi, siyo jina la kozi tu. Marekani ni mbali zaidi, kule kuanzia kazi ni masta na mtihani wao.

Njia za kuingia ni fupi kueleza. Ukitoka S6 unahitaji prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili makuu, na kwa kozi za afya baolojia na kemia ndio macho yote yako huko. Wenye diploma wanaingia kwa diploma. Wa miaka 25 na kuendelea kuna mtihani wa umri mkubwa. Masharti ya ndani kila chuo kina yake. Waliosoma Kongo, diploma d'eta yenu, ile ya kumaliza sekondari, hailetwi hivyo hivyo, inapelekwa kwanza UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ilinganishwe na S6 ya hapa, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza ya mtafsiri anayekubalika siyo ya mjomba, na kama mlifika chuo kikuu huko, karatasi ya chuo inaenda NCHE. Anzeni mapema banange, msije wiki ya kufungua shule.

Kwa ambaye ameshalipa na kozi haionekani kwenye orodha: usianze kupiga kelele redioni. Mwandikie msajili wa chuo barua, omba nakala ya barua ya kuidhinishwa kwa kozi, bakisha kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakijibu "iko kwenye mchakato," omba hilo jibu kwa maandishi. Wakikataa, chukua vyote uende Kyambogo, na risiti orijino za benki. Skrinshoti ya meseji ya mobile money peke yake msituletee, wiki iliyopita kuna baba alikuja na simu, skrini imepasuka, chaji imeisha, na ushahidi wote uko mle ndani.