Mitambo ya umeme wa upepo: tunavyodhani na kinachotokea kweli kule juu

"Upepo unayasukuma mapanga, yanazunguka, umeme unatoka." Wengi tunayo hii kichwani na ukiisikia harakaharaka unaona iko sawa tu, ila imeshakosea mwanzoni kabisa. Mitambo ya sasa hivi haisukumwi na upepo kivile. Panga lake limechongwa kwa umbo la bawa la ndege, upepo ukilipitia, hewa ya upande mmoja inakuwa na presha ndogo kuliko ya upande wa pili, alafu hiyo tofauti ya presha ndo inalivuta panga lizunguke. Ni kani ileile inayoinua ndege. Na ndo maana ncha ya panga inaweza kukimbia mara sita mpaka tisa ya kasi ya upepo wenyewe, kitu ambacho kisingewezekana kama ingekuwa ni kusukumwa tu, maana kinachosukumwa na upepo kitaupitaje mbio?

Hapo tunafika kwenye lile swali la kila anayeuona kwa mbali, mbona unazunguka kivivu hivi, utatoa umeme gani? Macho yanadanganya kwa sababu kitu chenyewe ni kikubwa mno. Chukua panga la mita 60 linalozunguka mara 13 kwa dakika, piga hesabu ya mduara wake, utakuta ncha inatembea karibu kilomita 300 kwa saa. Huo uzunguko wa polepole unaingia kwenye shafti, shafti inaingia kwenye giaboksi, na giaboksi inaupandisha mpaka mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika ndo jenereta ipate inachotaka. Ipo pia mitambo isiyo na giaboksi kabisa, yenyewe inatumia jenereta pana yenye sumaku nyingi zimepangwa kwa duara, kwa hiyo hata ikizunguka taratibu bado kila sekunde kuna sumaku kibao zinapita mbele ya nyaya.

Na hizo sumaku nazo zina dhana yake, ati ndo zinazotoa umeme kwa hiyo siku moja zitaisha nguvu. Hapana. Alichoonyesha Michael Faraday mwaka 1831 ni kwamba sumaku ikijongea karibu na koili ya waya, mkondo wa umeme unatokea kwenye waya. Sumaku hailiwi. Kinacholiwa ni mwendo, manake kadiri unavyovuta umeme mwingi kwenye jenereta ndivyo inavyokuwa ngumu kuizungusha, na wa kulipa hiyo gharama ni upepo. Upepo uliopita kwenye mtambo unatoka nyuma ukiwa umepungua kasi, ndo sababu mitambo haibananishwi, inapandwa mbalimbali ili wa nyuma asile makombo ya wa mbele.

Kuna wanaouliza kwa nini wataalamu wasitengeneze mtambo unaonasa nguvu yote ya upepo, asilimia 100. Jibu la hili nalipenda sana. Ukiichukua nguvu yote, hewa itasimama palepale nyuma ya mapanga, na ikisimama itaziba njia hewa nyingine isipite. Lazima uiachie kidogo iondoke. Mjerumani Albert Betz alipiga hesabu akapata kwamba kikomo ni asilimia 59.3, na hakuna mtambo wa aina hii utakaovuka hapo hata uchongwe na nani.

Sasa kasi ya upepo. Mtu anadhani upepo ukiongezeka mara mbili basi umeme nao mara mbili. Kumbe ni mara nane! Kutoka mita 6 kwa sekunde kwenda mita 12, nguvu iliyomo kwenye upepo inazidi mara nane, kwa sababu kasi ikizidi mara mbili hewa inayopita nayo inazidi mara mbili, na juu ya hapo kila kilo ya hiyo hewa inakuwa imebeba nguvu mara nne. Na usione hewa ni kitu chepesi, mduara wa mapanga wenye kipenyo cha mita 100, upepo ukiwa mita 10 kwa sekunde, unapitisha zaidi ya tani 90 za hewa kila sekunde moja. Ndo maana wanaotafuta eneo la kuweka mitambo wanapima upepo hata mwaka mzima kabla hawajachimba shimo, tofauti ndogo ya kasi inabadilisha hesabu yote.

Ila usirukie kusema basi siku ya dhoruba ndo sikukuu. Upepo ukifika kama mita 12 au 13 kwa sekunde mtambo unakuwa umeshafikia kiwango chake cha juu, ukizidi hapo mapanga yanajigeuza pembe ili yaumwage upepo wa ziada, na ukifika karibu mita 25 mtambo unajizima wenyewe usije ukavunjika. Kwa hiyo ukiuona umesimama na upepo unavuma sio lazima ni mbovu, unaweza kuwa umejizima, uko matengenezo, au gridi, yaani mtandao wa kusambaza umeme, imesema umeme unatosha.

Mapanga mengi ndo umeme mwingi? Charles Brush kule Cleveland, Marekani, mwaka 1888 alijenga mtambo wenye mapanga 144, kipenyo mita 17, na ulikuwa unatoa kilowati 12 tu. Miaka michache baadaye Poul la Cour wa Denmark akagundua kwamba mapanga machache yanayokimbia yanafaa zaidi kwa umeme. Matatu yamebaki kwa sababu ya balansi, mawili yanautikisa mtambo pale kichwa kinapogeuka kufuata upepo.

Wengine wanasema unazungushwa kwa umeme kama feni. Hapana, upepo ndo unaouzungusha. Umeme unatumia kweli, ila kidogo, kwa vifaa vya kupimia (sensa), kompyuta na mota za kugeuza kichwa.

La mwisho ndo linalochanganya hata wasomi. Mtambo wa megawati 2 ukiambiwa umetoa asilimia 35 kwa mwaka, watu wanaelewa kwamba ulifanya kazi asilimia 35 ya muda na uliobaki ulilala. Sivyo. Unaweza kuwa ulizunguka saa nyingi sana za mwaka, ila nyingi kati ya hizo upepo ulikuwa wa wastani, mtambo ukatoa nusu au robo ya uwezo wake. Hiyo 35 ni jumla ya umeme wa mwaka ikilinganishwa na ambao ungepatikana kama ungekuwa kwenye megawati 2 usiku na mchana bila kupumua, jambo ambalo hata aliyeununua hakulitegemea.